Pua ya Babu

Mhariri alimwagiza binti aliyeanza kazi gazetini siku hiyo: "Usirudi bila picha ya mgeni rasmi akikata utepe."

Mkasi ulipoinuliwa mlangoni mwa wodi ya macho, binti akiwa na kamera tayari, alisikia muuguzi nyuma yake akisema, "Haya bibi, fumbua taratibu."

Akageuka. Bendeji ilikuwa imetoka. Kikongwe alipepesa macho, akamshika mjukuu wake mashavu, kidole kikatambaa hadi puani.

"Kumbe pua umemwibia babu yako!"

Mjukuu akacheka huku analia. Binti akawaelekezea kamera. Akabonyeza.

Makofi ya utepe yakalipuka mgongoni kwake. Hakugeuka.

Bibi akainua uso. "Na wewe uliyejificha nyuma ya hicho kidude, sogea nikuone."