Mkono wa Salha

Zama hizo hakuna aliyepasha maziwa ya mtoto jikoni. Kila nyumba ilikuwa na mashine yake, nayo iliutii mkono wa mzazi mmoja tu aliyesajiliwa, ili mtoto asije akaunguzwa na mtu mwingine.

Nyumbani kwa Mbaruku, mzazi huyo alikuwa mkewe, Salha. Walimzika asubuhi. Alasiri mtoto akalia kwa njaa, Mbaruku akaweka mkono wake kwenye mashine, ikamkataa. Kwenye kioo chake yakatokea maneno: “Ili kusajili mzazi mpya, mfute wa zamani.”

“Siwezi, mama,” alimwambia mkwewe, Bi Rukia, aliyekuwa amempakata mtoto.

“Mfute, baba. Mwanangu harudi tena, na huyu ana njaa.”

Mbaruku akabonyeza huku akilia. Maziwa yakatoka vuguvugu, mtoto akanyonya, akatulia. Ndipo kioo kikaandika: “Karibu, Mbaruku. Mtoto huyu ana mzazi mmoja tu tangu azaliwe: wewe.”

Bi Rukia, macho yamemvimba kwa kulia, hakuweza kusoma.

“Imeandika nini?”

“Imeandika maziwa hayamuunguzi, mama,” alisema Mbaruku, akakigeuzia kioo ukutani.