Mikono ya Majirani

Mwanangu Nakijwa alizaliwa na ugonjwa wa selimundu. Yu hai kwa sababu ya bakteria waliotengenezwa maabara, wanaoishi mwilini mwake. Kwa sheria yetu, mtu wa namna hiyo hukaa mtaani kwa ridhaa ya majirani. Kila mwaka wananyoosha mikono, na mmoja akikataa, tunahama.

Jana tulikutana kwa mjumbe. Mama Elinami, aliyewahi kuvunja kikombe alichonywea mwanangu, akasimama.

"Hao wadudu siwapendi, nasema kweli," alisema. "Lakini huyu mtoto ana adabu kuliko watoto wenu wote. Akae."

"Hata kuliko wako?" mtu akamtania.

"Wangu ndiye usimtaje kabisa!"

Watu wakacheka, mikono yote ikapanda juu. Nililia, na mimi si mtu wa kulia. Zamani nilikuwa nakesha nikimkanda miguu kwa maji ya moto, naye akiuma shuka. Sasa anaruka kamba. Nawashukuru majirani zangu kutoka moyoni, hata huyo wa kikombe.

Tulipotoka, nikamnunulia Nakijwa kashata. Kabla hajaionja, Elinami akampokonya na kukimbia. Mwanangu akatabasamu tu.

"Kamnyang'anye!" nikamwambia. "Ni yako hiyo."

"Mwache ale, mama."

"Unamwogopa?"

"Simwogopi," alisema, huku akimpungia mkono mama yake Elinami, aliyekuwa bado mlangoni kwa mjumbe. "Si mwakani watanyoosha mikono tena?"

Nilinunua kashata nyingine mbili. Moja nikampelekea Mama Elinami.