Picha ya Somo la Upweke

Mzee Mhando alikuwa mchaguzi wa picha za masomo ya mtandaoni, na sheria aliijua vizuri: picha isimdanganye mwanafunzi. Aliyewekwa kwenye somo la furaha hana ruhusa ya kununa hadharani. Aliyewekwa kwenye somo la upweke haoi wala haolewi, wala haketi mezani na mtu, mpaka apatikane mwingine wa kushika nafasi yake.

Ndiyo maana binti yake, Nuria, ambaye picha yake ilikuwa kwenye somo la upweke, alizungumza naye kutoka mlangoni. Leo mchumba wake alikuwa akimsubiri getini.

"Baba, dunia nzima ulikosa mpweke mwingine ila mimi?"

"Picha yako ilikuwa na mwanga mzuri, mwanangu. Hata wakubwa kazini waliisifu."

"Basi na wanioe hao wakubwa."

 Mzee akaigeuza kamera imwelekee yeye, akajipiga picha pale mezani, akaituma. Mashine ya kukagua picha ikaikataa: mbele yake kulikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja alimwandalia Nuria kila asubuhi, ingawa hakikuwahi kunywewa.

Alikimwaga, akakifuta, akampelekea mlangoni.

"Chukua. Kitakufaa kwako."

"Na harusini, baba? Utakuja?"

"Mtu wa somo la upweke anakwenda harusini kufanya nini? Nenda, mwenzio asichoke kusubiri."

Akarudi kuketi, akajipiga tena. Safari hii mashine haikusita. Ikamwandikia kwamba picha imekubaliwa, na kwamba mwanga wake ni mzuri sana.