Mboga ya Mbuzi

Efraimu alikatiza katikati ya mboga za choya za Marta makusudi, akizikanyaga, mbele ya wazee watatu wa baraza na karani wao.

"Tazameni," alisema. "Ardhi hii ya kahawa, imejazwa majani machachu."

Marta, mjane wa kaka yake, aliinama, akachuma konzi nyingine ya majani, akarudi jikoni.

Mwanamke gani huyu, Efraimu aliwaza. Mbozi nzima watu wanapanda kahawa na kuezeka mabati; yeye kaleta mbegu kutoka kwao Tunduma, kajaza shamba zima mboga ya mbuzi. Kaka alioa kwa pupa, na mauti yakamwahi kabla hajapata mtoto. Ndipo Efraimu akaenda barazani kulidai shamba. Aliwaeleza wazee kwamba tangu mazishi, miaka mitatu sasa, yeye ndiye aliyekuwa akililima. Leo wamekuja kulikagua. Kesho angeung'oa uchafu wote.

Marta aliwaandalia ugali wa ulezi na choya alizozipika kwa karanga za kutwanga. Efraimu alionja kidogo, akatema kando. Mzee Isaka, mkubwa wa baraza, naye alikunja uso kwa ule uchachu, na Efraimu akafurahi kuona wako pamoja.

Mzee akauliza, kama mtu wa kupitisha muda tu, iwapo mboga hii ina usumbufu kuilima. Efraimu alicheka. Yeye atajulia wapi, alisema. Hiyo ni kazi ya wanawake wasio na akili.

"Hata palizi hukumsaidia shemeji yako?"

"Mimi? Jembe langu halijagusa udongo huu, mzee. Si mwaka huu, si mwaka jana, si mwaka juzi. Tangu kaka azikwe sijapanda hapa hata mche mmoja. Nijidhalilishe kwa ajili ya majani?"

Wazee wawili walicheka. Marta aliinamisha kichwa, akawaongezea mboga. Efraimu alimtazama kwa dharau; aliona kwamba aibu imemwingia hatimaye.

Mzee Isaka alimega tonge la mwisho, akafutia bakuli mpaka likang'aa, akanawa mikono bila haraka. Kisha akamgeukia karani.

"Umeyaandika?"

"Yote, mzee."

"Msomee Efraimu maneno yake, halafu atie dole gumba."