Nyungunyungu Walale Njaa

Machibya alishika kijiko cha udongo juu ya bakuli la nyungunyungu, akasita.

Miaka kumi na saba anaosha chupa za maabara hii, na leo mkuu kamsifu nani? Binti aliyerudi juzi na shahada. Eti kagundua kuwa dawa ya ukungu, hii inayouzwa siku hizi kila duka, ina sura mbili kama mkono wa kulia na wa kushoto: moja huishia udongoni, nyingine hubaki mwilini mwa nyungunyungu. Na aliyewafukua huko Magu, kwenye nyanya, jua la utosi, ni yeye Machibya.

Kabla ya kupimwa hulazwa njaa, watoe udongo wote tumboni. Wakipimwa wameshiba, kazi ya binti imeharibika.

Akamwaga udongo. Wakajipenyeza humo taratibu, wakala.

Asubuhi aliwaosha, wakang'aa.

"Shikamoo, mzee. Wamelala njaa?"

"Marahaba. Wamelala."

Binti akashika bakuli. "Kwenye ripoti nimeweka majina mawili. La kwako ndilo la kwanza."

Machibya hakuliachia bakuli.