Kunawa kwa Ajili ya Nguruwe

"Nawa tena, mama," alisema Daktari Lwitiko. "Mpaka kwenye viwiko."

Mwanaidi alimtazama asielewe. Tangu utotoni alijua kwamba anayemgusa nguruwe hunawa baada ya kumgusa, tena kwa maji na udongo. Huyu anataka anawe kabla.

"Kwani mimi ndiye nitakayemchafua?"

"Utamuua. Mafua yako tu yanamtosha. Hana kinga mwilini, kama Nassoro wako. Tulimbadilisha hivyo kabla hajazaliwa, ili dawa ya mwanao tuijaribu kwake kwanza. Jana tulimpa."

Mwanaidi akanawa, akavaa barakoa, akaingiza mkono kwenye glavu ndefu iliyoshikizwa kwenye kioo cha sanduku alimolazwa nguruwe. Ni glavu kama ile anayomshikia mwanawe kule wodini. Yule mtoto wa nguruwe alijikokota kutoka kwenye taulo, akanusanusa, akakidaka kidole chake cha shahada na kuanza kukinyonya. Nassoro naye hupenda hichohicho.

"Akipona?"

"Itakuwa zamu ya Nassoro."

"Na asipopona?"

Daktari alishughulika na taa, ingawa taa haikuwa na tatizo.

Mwanaidi alijikuta anaomba dua kimoyomoyo. Alipofika pa kumtaja anayeombewa, akakwama.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye bomba, akalifungua. Maji yakatiririka, yakaendelea kutiririka, naye amesimama tu, kidole kile amekikunja ndani ya kiganja.