Mlango wa Sumaku

Hakuna hadithi ya hospitali inayonishinda kusimulia. Haya, hii ilinishinda mara mbili, na jina la ile mashine ya sumaku, IRM, mjukuu ndiye aliniandikia kwenye kipande cha karatasi.

Noëlla, mpiga picha wa hospitali, alikuwa amemshika mzee wa watu viganja vyote viwili, akivigeuza kama mnunuzi wa viazi sokoni. Vilikuwa vigumu kama kisigino.

"Tata Kalombo, hii mikono ilifanya kazi gani?"

"Nilikuwa nalima, mutoto wangu."

"Kulima mu mutaa ya Kasulo? Juu ya paa?"

Mke wa mzee, Mama Tshibola, akacheka, akajifuta jicho la kushoto kwa pembe ya kitenge. Jicho hilo lilikuwa linatoa machozi tangu walipofika. "Moshi ya makala," alisema, yaani makaa ya kupikia, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Noëlla hakucheka. Miaka mitano alikuwa amepiga picha za radio, zile za mifupa. Sasa alikuwa anajifunza mashine hii ya sumaku inayoona mpaka ndani ya ubongo, na leo ilikuwa siku ya mtihani. Ilibidi ampokee mgonjwa, amhoji, amlaze na ampige picha peke yake. Mama Honorine, mwalimu wake aliyetoka Lubumbashi, alikaa pembeni na kalamu mdomoni.

Kubonyeza mashine, Noëlla alijua. Maswali ndiyo yalimwangusha mwezi uliopita. Kijana mmoja alimwapia kwamba hajawahi kuchimba madini. Alipoingia tu chumbani akapiga kelele: kipande cha chuma kilichorukia mkono wake zamani, akipiga jiwe kwa tindo, kilikuwa kinavutwa chini ya ngozi.

"Ingekuwa mu jicho, angetoka kipofu," Mama Honorine alimwambia siku ile. "Ukikosea tena, unarudia kwenye mifupa yako."

Tangu hapo Noëlla alikula bila kusikia ladha. Nani katika mji wa Kolwezi anasema ukweli juu ya kuchimba? Watu wa Kasulo walichimba chini ya jiko, chini ya kitanda. Leo ni marufuku, na mtu akikuuliza huku ameshika fomu, unamwambia wewe ni fundi wa nguo.

"Tata, mu shimo ulishuka?"

"Hata siku moja. Miye hata chumba ya kufungwa inanishinda. Nalala mulango wazi."

"Anasema kweli," mkewe akadakia. "Bezi balituibia sufuria mara tatu."

Noëlla hakumwamini mzee. Mama akabaki kwenye benchi, mzee akapelekwa kupigwa radio ya macho, maana hiyo huonyesha chuma hata kikiwa kidogo kama punje ya chumvi. Njiani Noëlla akamweleza sababu: chuma kikiwa ndani ya jicho, ile sumaku inakivuta, na jicho linapasuka. Mzee akasimama ghafla.

"Linapasuka kabisa?"

"Kabisa, tata. Kama uko na neno, sema sasa."

Akatikisa kichwa, akaendelea kutembea.

Saa nzima ikapita. Siku zile umeme ulikuwa unakatika saa sita bila kuaga, na saa sita ilikuwa karibu. Picha ikaja. Macho ya Tata Kalombo yalikuwa safi kama ya mtoto mchanga.

Mama Honorine akaandika kitu kwenye daftari lake. Noëlla akajihesabia makosa. Safari ile alimwamini mwongo, safari hii amemsumbua mkweli.

Akamvua mzee saa, mkanda na rozari, akamlaza mezani. Tata Kalombo alipouona mdomo wa mashine, meza nzima ikaanza kutetemeka.

"Siingie. Hii ni kaburi! Tshibola akuye, anishike muguu."

Mama Tshibola akachungulia kutoka mlangoni. "Kaburi gani? Hii iko kubwa. Humu mutu anageuka na mabega yake yote."

Ndugu wa mgonjwa anaruhusiwa kukaa humo, mradi hana chuma. Mama Honorine akatazama saa ya ukutani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akafungua mdomo: "Mama atoe hereni, aingie. Umeme utatukimbia."

Noëlla angeweza kumwacha apite. Mwalimu mwenyewe alikuwa amesema. Lakini alisimama mbele ya mstari mwekundu wa mlangoni, mpaka wa sumaku, akachukua fomu nyingine.

"Mama, na wewe nakuuliza. Ulishachimba?"

Hata Mama Honorine alicheka. Mama Tshibola akajipiga mapaja.

"Weye mutoto, ulizaliwa wapi? Mwanamuke akishuka mu shimo, madini inakimbia! Bachimbaji bangenipiga majiwe. Andika hapana. Mi nauzisha makala."

Kasulo yote inalijua hilo, na Noëlla alilisikia tangu utoto. Wanaume wa mashimo hawamruhusu mwanamke hata kukaribia. Akaona aibu. Akaandika hapana, akasogea pembeni. Mama akavua hereni, akavua sandali, akainua mguu juu ya mstari.

"Tshibola, simama!"

Tata Kalombo alikuwa ameinuka mezani, macho yamemtoka.

"Mama docteur, mumushike, asiingie! Ile jicho yake si moshi! Miye nilikuwa nabakia inje na kamba. Mwenye kushuka alikuwa yeye, amevaa suruali yangu."